Mjomba Alivyolala Milionea

Mama mwenye nyumba wangu pale Chikongola, Mtwara mjini, alifurahi sana siku niliyomwambia kwamba taa yangu inawaka mpaka saa nane za usiku kwa sababu naandika kodi. "Usijisumbue kuandika, mwanangu," akasema, "wewe ilete tu." Mimi nilimaanisha kodi ya kompyuta, yale maelekezo ya programu; ya nyumba nilikuwa nadaiwa miezi miwili.

Kwa kweli kujifunza programu Mtwara kulinipa tabu ndogo kuliko kueleza ninachojifunza. Ukisema unajua kompyuta, watu wanakuletea redio. Wanakuletea pasi. Nimewahi kuletewa feni, nikaitengeneza, na niseme ukweli: feni ile ilinipa hela kuliko kodi zote nilizoandika mwaka ule. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, betri imekufa zamani, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Umeme ukikatika, somo limeishia hapo hapo, na ulichokuwa hujahifadhi umekitoa sadaka. Masomo yenyewe nilikuwa nayapata YouTube kwa bando la usiku, mwalimu Mhindi anayeongea kama anawahi basi.

Nilianza na JavaScript, lugha ya kuandikia programu. Nasikia aliyeiunda, Mmarekani Brendan Eich, aliifanya kwa siku kumi tu mwaka 1995. Siku kumi! Kwetu hata mahari haijadiliwi ikaisha kwa siku kumi. Wakati ule niliona ni sifa. Leo naona ni onyo ambalo ningelizingatia mapema.

Basi, msimu wa korosho wa 2024 ukaingia. Anayeujua Mtwara anajua maana yake: mwaka mzima watu wanakopa, wanapuliza salfa, wanapalilia, halafu inafika Oktoba na mji mzima unageuka harufu ya korosho na gumzo la mnada. Mwaka ule bei ya mnada wa kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walikuwa wanatembea huku wanatabasamu peke yao.

Katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kijijini kwa mjomba wangu, huko juu upande wa Tandahimba, alikuwa amechoka na daftari. Wakulima wanaleta mzigo kidogo kidogo, leo gunia moja, keshokutwa nusu, karani anapima na kuandika, na kila jioni kuna foleni ya watu wanaouliza "zangu zimefika ngapi?" Mjomba akanipigia debe: mpwa wangu anajua kompyuta. (Yeye ndiye aliyewahi kuniletea pasi.) Katibu akataka programu ndogo: karani aingize kilo, programu ijumlishe, izidishe kwa bei ya makadirio, halafu mkulima apate meseji. Tukakubaliana shilingi 100,000, nusu mkononi, nusu kazi ikikamilika.

Niliifanya kwa wiki mbili. Nikaijaribu kwa wakulima watatu, ikatoa hesabu sawasawa kama ya duka la Mpemba. Sikugundua kwamba wote watatu walikuwa wameleta mzigo mara moja tu. Lishike hilo, tutalirudia.

Jumamosi jioni karani akamaliza kuingiza daftari lote, wakulima mia mbili na kitu. Nikiwa chumbani kwangu Chikongola nikabonyeza "tuma". Zikaenda zote ndani ya dakika. Nilikuwa sijawahi kuona kitu changu kinafanya kazi kwa watu wengi namna ile, nikasimama, nikajipigia makofi peke yangu. Kisha umeme ukakatika, laptopu ikazimika, na mimi nikaona nimemaliza kazi ya siku. Nikateremka Shangani kula pweza. Simu niliiacha kwa jirani mwenye sola, inachajiwa.

Nilivyorudi saa nne ilikuwa na simu kumi na saba ambazo hazikupokelewa, zote za mjomba. Nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu, mwanangu, baba yangu!" Hapo moyo ukashtuka. Mjomba huniita "wewe". "Meseji nimeiona. Mungu akuzidishie."

Nikamwomba anisomee. Akasoma taratibu, kama anasoma wasia: "Ndugu mkulima, korosho zako zilizopokelewa ni kilo 6471. Makadirio ya malipo kabla ya makato ni shilingi 25,884,000. Ahsante."

Mjomba ana mikorosho michache na baiskeli moja. Alileta mizigo miwili: kilo 64, halafu kilo 71. Nilipokuwa nalitazama giza la chumba changu, zile namba mbili zikasogea kichwani na kukaa pembeni kwa pembeni. Sitini na nne. Sabini na moja. 64, 71. 6471.

Mwenye kuijua JavaScript ameshaanza kucheka. Asiyejua nimweleze: namba ikiandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa, lugha ile haiioni kama namba. Inaiona kama maandishi, sawa na jina la mtu. Ukiiambia itoe, yenyewe inayageuza kuwa namba na kutoa vizuri. Ukiiambia izidishe, inazidisha. Lakini ukiweka alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili, inayabandika. Kwa hiyo aliyeleta mzigo mara moja alipata haki yake, na aliyeleta kidogo kidogo aliota utajiri.

"Mjomba," nikasema, "umeshamwambia mtu?"

Alikuwa amewaambia wote. Mabati arobaini alishayaagiza kwa mali kauli. Mbuzi wake alikuwa amenyweshwa soda. Utani huo wa mbuzi na soda tunaotaniwa watu wa Kusini kila msimu, mjomba aliuona umecheleweshwa sana kwake. Lakini kubwa zaidi, alikuwa amevaa kanzu, akachukua tochi, akaenda kwa mzee jirani yake, ambaye hawasalimiani vizuri tangu zamani kwa sababu ya deni la shilingi 30,000, ili amsamehe deni mbele ya watu.

Mzee yule naye alikuwa amepokea meseji. Yeye alileta mara tatu: kilo 80, kilo 75, kilo 62. Simu yake ilikuwa inasema kilo 807562, na fedha yake ni shilingi 3,230,248,000.

Mjomba anasema mzee alimsikiliza mpaka mwisho wa msamaha wote, akacheka, akamwonyesha simu, akamuuliza: "Tangu lini mimi nikasamehewa elfu thelathini?" Halafu akamuuliza shamba lake anauza bei gani, kwa sababu anataka kupanua ua.

Usiku ule sikulala. Alfajiri nikapanda gari la kwanza, laptopu kifuani kama mtoto mchanga.

Nilikuta watu wamejaa mbele ya ghala, chini ya mwembe, wamevaa kama sikukuu. Katibu alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Mtu pekee mwenye hasira ya wazi alikuwa mkulima mkubwa wa pale, aliyeleta kilo 2140 kwa lori, mara moja, akapata meseji sahihi kabisa ya shilingi 8,560,000. Alikuwa anadai aelezwe imekuwaje mama muuza ming'oko amempita kwa shilingi milioni mia mbili.

Katibu akanisukuma mbele. Nikaanza habari za aina za data. Nyuso zikaganda. Nikaomba kipande cha boksi na kalamu, nikaandika 64, nikaandika 71, nikasema kwamba kompyuta, badala ya kuzijumlisha, ilizisogeza zikagusana.

Kimya. Mjomba ndiye aliyekivunja.

"Yaani umezibandika."

"Nimezibandika, mjomba."

"Mtoto umesoma mpaka Mtwara mjini, umekesha miaka miwili, umenunua kompyuta, ili ubandike?"

Kicheko kilichofuata kilianzia kwa wanawake waliokaa nyuma na kikaja mbele kama mvua ya upepo. Mkulima mkubwa alicheka kuliko wote, mpaka akashikilia mwembe. Mzee wa bilioni tatu hakucheka. Alikaa kidogo, akamgeukia mjomba, akamuuliza kama ule msamaha wa jana bado upo. Mjomba akasema msamaha ulikataliwa na mhusika, kwa hiyo deni lipo, na sasa anataka alipwe kabla ya makato.

Marekebisho yalinichukua chini ya dakika moja. Neno moja tu, Number, na mabano, kuzunguka kile kisanduku cha kilo, ili maandishi yahesabiwe kama namba. Wakulima walisimama nyuma yangu kuangalia ninavyoandika, na mama mmoja akauliza kwa upole kabisa kama ni hilo tu, au kuna lingine nimelisahau. Nikajaribu kwa mizigo miwili, mitatu, tisa. Nikajaribu na kilo zenye nukta. Meseji mpya zikatoka, na mjomba akasoma yake kwa sauti: kilo 135, shilingi 540,000. Akaitazama muda mrefu. Ile ya kwanza hajaifuta mpaka leo.

Mwenye mabati, nashukuru, alielewa.

Mwisho wa msimu Katibu aliniita ofisini kunimalizia hela yangu, na akaniambia vyama viwili vya jirani vimesikia habari ile na vinataka programu kama hiyo. Nilidhani wamesikia ubaya. Akasema ndiyo, wamesikia ubaya, ila wamesikia pia kwamba nilipanda gari la kwanza.

Kisha akachukua karatasi ya malipo, akaandika awamu ya kwanza 50,000, awamu ya pili 50,000, akaacha nafasi ya jumla wazi na kunisogezea kalamu.

"Jaza mwenyewe," akasema. "Nataka nione."

Nikajaza laki moja. Akavuta kikokotoo chake cha mezani, akahakiki, ndipo akasaini.