Luteni Kanali aliyekubali kushindwa

Juzi kwenye daladala ya Tegeta, tunapita kambi ya jeshi ya Lugalo, kijana mmoja akasema nchi hii ingenyooka kama jeshi lingeishika. Watu wakaitikia. Ikatajwa Mali, ikatajwa Burkina Faso. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Kambi ile ile, enzi hizo ikiitwa Colito, ndiko askari walikoasi Januari 1964. Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha, Uhuru ukiwa na miaka miwili tu! Jeshi likavunjwa, jeshi jipya, JWTZ, likazaliwa Septemba.

Wanaotamani mwanajeshi Ikulu wamsome Jakaya Kikwete, rais wetu wa nne. Vijana wanamjua kwa tabasamu na safari za nje. Huyu alimaliza Chuo Kikuu, Mlimani, akaenda chuo cha jeshi Monduli, akawa ofisa, akafundisha siasa hapohapo Monduli. Akawa waziri akiwa bado na cheo chake cha jeshi, na hilo silitetei. Chama tawala, CCM, kilikuwa na matawi hadi makambini. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, ikabidi kuchagua jeshi au siasa. Akalivua gwanda akiwa luteni kanali.

Lakini kwangu mwaka wake mkubwa ni 1995. Dodoma, CCM inatafuta mgombea urais. Duru ya kwanza anaongoza yeye. Duru ya pili Mkapa anampita kwa kura chache. Ofisa wa zamani, miaka 44, ana wafuasi, ameushika ushindi kwa mkono mmoja, umeponyoka. Akakubali! Akaingia kwenye serikali ya mtu aliyemshinda, akawa Waziri wa Mambo ya Nje miaka 10. Mwaka 2005 akarudi kuomba tena, wananchi wakampa asilimia 80 ya kura. Kushindwa mbele ya wenzako, kisha ukaenda kumtumikia aliyekushinda, hakufundishwi kwenye gwaride lolote. Huo ndio ukomavu ninaoutaka kwa kiongozi, awe ametoka kambini au shambani.

Urais wake ulikuwa na madoa, siyafuti. Kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond ilimng'oa waziri mkuu mwaka 2008, baadaye ikaja kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow. Ila tuliyasikia kwa sababu Bunge liliyajadili hadharani, mawaziri wakawajibika.

Mali wanayoishangilia, wanajeshi waliahidi uchaguzi Februari 2022. Haukufanyika. Mei 2025 wakavunja vyama vyote vya siasa.