Funguo za mahakama za Marekani zimo mfukoni mwa Kongresi

Redio zetu zikitangaza hukumu kutoka Washington, unaweza kudhani majaji ndio wenye neno la mwisho juu ya kila kitu. Ni kweli, tangu kesi ya Marbury dhidi ya Madison ya mwaka 1803 wamejitwalia mamlaka ya kubatilisha sheria zinazokinzana na Katiba. Ila kwa mtazamo wangu, mhimili unaoshika funguo za mahakama ni Kongresi, yaani bunge la nchi hiyo.

Ibara ya 3 ya Katiba iliunda mahakama moja tu, Mahakama ya Juu, na hata idadi ya majaji wake haikuitaja. Kongresi ilianza na 6 mwaka 1789, ikawa inapandisha na kushusha mpaka ikatulia kwenye 9 mwaka 1869. Mahakama 94 za wilaya, ambako kesi za shirikisho huanzia, na 13 za rufaa zimezaliwa na sheria za Kongresi. Rais huteua majaji na Seneti huwathibitisha; vuta nikuvute hiyo ndiyo hupewa kurasa za mbele. Mwananchi wa kawaida huumizwa kwingine: kwenye hesabu ya siku.

Aliyeshindwa kesi ya madai kwenye mahakama ya wilaya ana siku 30 za kuwasilisha notisi ya rufaa, au 60 kama serikali ya shirikisho imo kwenye kesi. Notisi hupelekwa kwa karani wa mahakama ileile alikoshindwa, si kule juu. Akichelewa kwa kuwa hakupata taarifa ya hukumu, anaweza kumwomba jaji amfungulie tena mlango. Akikubaliwa hupata siku 14, basi.

Hapo ndipo alipokwama Bowles, mfungwa wa Ohio. Jaji alimkubalia, lakini kwa kukosea akamwandikia siku 17. Notisi ikafika ndani ya hizo 17, baada ya 14 kupita. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimfungia mlango kwa kura 5 dhidi ya 4: muda umewekwa na sheria ya Kongresi, hivyo hakuna jaji wa kuurefusha, hata kosa likiwa la mahakama yenyewe. Kuhusu mipaka ya madaraka, naona walio wengi walikuwa sahihi. Kuhusu utu, hapana, maana mtu aliadhibiwa kwa kutii amri ya jaji.

Mwaka 2017, katika kesi ya Hamer, majaji wote waliongeza jambo ambalo kila wakili anapaswa kulikagua kwanza. Kama ukomo wa muda umo kwenye kanuni za mahakama tu, wala haumo kwenye sheria ya Kongresi, hauiondolei mahakama mamlaka ya kusikiliza rufaa. Mpinzani asipoupinga mapema, haki yake ya kuulalamikia inaweza kupotea.