Himoglobini 5: damu sasa hivi au tumsubiri?

Mtoto wa kilo 10 analazwa Muheza na malaria, himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) gramu 5 kwa desilita. Anapumua vizuri, ana fahamu zake, mkojo haujawa mweusi wala hana selimundu. Atundikiwe damu? Mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, unataka damu itundikwe himoglobini ikiwa 4 au chini, au kati ya 4 na 6 penye dalili za hatari.

Utafiti wa TRACT wa Uganda na Malawi, uliochapishwa 2019, uliwagawa watoto 1,565 wa namna hii. Kati ya waliopewa damu mara moja, 7 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliosubirishwa, 13. Kitakwimu tofauti hiyo haikuthibitisha kwamba kusubiri kunadhuru, na nusu hivi ya waliosubirishwa hawakuongezewa damu kabisa. Panapotegemewa ndugu wa kuchangia, hiyo ni akiba kubwa. Tena chupa isiyotundikwa haiwezi kukosewa kundi la damu.

Lakini 7 kwa 13 si jambo la kupuuza, na kusubiri kule hakukuwa kumwacha mtoto. Alipimwa tena na tena, usiku pia, na aliposhuka chini ya 4 au kuonyesha dalili ya hatari alitundikiwa, mara nyingi baada ya saa 24 hivi. Kwa hiyo utulivu wa jioni ya kwanza hautoshi kumruhusu mtu kulala. Penye kipimo cha himoglobini wodini, muuguzi wa usiku na damu iliyokwisha kulinganishwa na ya mtoto ikiwa kwenye friji, tusubiri. Kimoja kikikosekana, bora kutundika.

Kuhusu kiasi cha damu, mazoea yasituongoze. Hospitali Teule ya Muheza ilishiriki utafiti wa FEAST wa 2011, uliogundua kwamba kuwamiminia maji kwa haraka watoto wenye homa na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo, kinyume kabisa na desturi ya wakati ule. TRACT nao ulikuta mililita 30 za damu kamili kwa kilo zikiwafaa wasio na homa, ila wenye joto zaidi ya nyuzi 37.5 walisalimika zaidi kwa mililita 20. Kipimajoto basi kitangulie, na uzito upimwe kwa mizani, usikadiriwe kwa umri.

Mtoto huyu akiwa na homa, ni mililita 200. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ndani ya saa 4, ni matone 17 kwa dakika. Chupa ya mtu mzima ina 450 hivi. Kiwango cha kukomea kiandikwe juu yake kabla haijatundikwa, kwani mtoto akigeuzwa kitandani kasi hubadilika, na mapafu yanaweza kujaa maji kabla ya mtu kugundua.