Kabla ya viza, tupeni lugha

Jumapili yangu ya kwanza nje kidogo ya jiji la Leipzig, Ujerumani, nilivaa suti kwenda kanisani. Suti ileile niliyovaa kwenye harusi ya kaka, na tai yake, na viatu nilivyovipiga kiwi usiku. Saa nne kamili kengele ikalia. Mimi niko benchi la mbele, nikageuka kuona watu wanavyoingia, nikahesabu: ishirini na tatu, pamoja na mpiga kinanda. Wengi mvi tupu, wamevaa masweta. Saa tano kasoro dakika tano tulikuwa tumeshabarikiwa, na matangazo yalikuwa yamepita humo humo. Kwetu Machame, Kilimanjaro, muda huo kwaya ya pili ndiyo kwanza inasimama.

Nikajisemea ile sentensi ambayo wanafunzi wa theolojia kutoka kwetu huirudisha nyumbani kama zawadi ya safari: Ulaya kanisa limekufa. Jioni nikaandika kwenye grupu la darasa, "Ndugu zangu, huku ni kuwaombea tu." Zikamiminika Amina kumi na kitu.

Ujumbe ule sijaufuta. Nauacha unisute.

Nilipelekwa kwa miezi mitatu ya mazoezi ya uchungaji, kwa mpango ambao siutaji jina kwa sababu mipango ya namna hii inafanana. Nilishughulikiwa viza, bima, tiketi, hata koti la baridi. Nilikalishwa semina ya nusu siku: Mjerumani usimchelewe, usimbishie hodi bila miadi. Nilipouliza habari ya lugha niliambiwa Kiingereza kitatosha. Kumbe ile ilikuwa Ujerumani ya Mashariki, na wazee wa usharika ule shuleni walifundishwa Kirusi. Kiingereza changu na Kirusi chao havikukutana popote.

Basi nikawa pambo. Mchungaji wangu, mama mchapakazi aliyetaka nimwite kwa jina lake tupu (nilishindwa, mpaka naondoka nilimwita Mchungaji), alijitahidi sana kunipa nafasi. Lakini mtu asiye na lugha utampa nafasi gani? "Tuimbie kitu cha kwenu." Nikaimba. Wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata nikaimba tena.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ikaja sikukuu ya mavuno, nikafurahi: hapa sasa ni nyumbani. Madhabahuni kulikuwa na maboga, matufaa, mikate mikubwa ya kusukwa. Nilikuwa nimeshachagua boga langu, dogo la rangi ya chungwa, na euro tano mfukoni. Nikangoja mazao yanadiwe kama kwetu. Ibada ikaisha, watu wakaenda kunywa kahawa, na vijana wawili wakaanza kupakia vyakula kwenye makasha kwa ajili ya wasiojiweza. Nilibaki nimesimama pale na hela yangu kama mtu aliyeachwa na basi.

Hayo ni ya kuchekesha. Linalofuata si la kuchekesha.

Wiki ileile tulikwenda na Mchungaji kwenye nyumba ya kulelea wazee. Bibi mmoja, umri wake themanini na kitu, alinishika mkono akaanza kuzungumza. Shikamoo sikuwa na jinsi ya kumpa, kwa hiyo niliinama kidogo. Alizungumza labda dakika kumi, macho yake kwangu tu, na mimi nikawa nafanya kile tunachofanya tukizidiwa na lugha: "ja, ja," huku natabasamu. Kuna mahali alinyamaza, akaniangalia. Nikatabasamu zaidi. Akauachia mkono wangu taratibu, akaomba maji.

Kwenye tramu Mchungaji akanifafanulia. Bibi alipokuwa na miaka kumi na minne, serikali ya kikomunisti ilitaka vijana waingie kwenye sherehe yake ya kuapa utii kwa dola ya kijamaa, na sherehe hiyo iliwekwa makusudi ishindane na kipaimara. Yeye alichagua kipaimara. Kwa hilo alinyimwa kuendelea na masomo, kama walivyonyimwa wengi wa kizazi chake. Alitaka kuwa daktari wa watoto. Alifanya kazi kiwandani. Ndilo alilokuwa ananisimulia, na mimi nilikuwa natoa meno.

Sikulala vizuri. Jumatatu Mchungaji alinipeleka kanisa la Nikolaikirche katikati ya jiji, kwenye maombi ya amani ya saa kumi na moja jioni, ambayo yalianza miaka ya 1980 na hayajakoma. Baada ya maombi kama hayo, tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 waliingia barabarani na mishumaa kuipinga serikali ileile ya kikomunisti, na polisi hawakupiga risasi. Baadhi ya wale ishirini na tatu wangu walikuwemo. Hao ndio nilioandika kwamba tuwaombee tu.

Sasa linganisha. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, alikuja Kilimanjaro mwaka 1902, akajifunza Kichaga mpaka akaandika kitabu kizima juu ya sheria za Wachaga na kutafsiri Agano Jipya. Wako wanaomlaumu kwa namna alivyotutazama, na wana hoja. Lakini hakuna anayeweza kusema alikaa miezi mitatu akipigiwa makofi. Hata vijana wa Kijerumani wanaokuja kujitolea Moshi hukaa mwaka, na kufika mwezi wa nne unawakuta sokoni Kiboriloni wanabishana bei ya nyanya kwa Kiswahili kibovu kinachoeleweka.

Sisi tunatumwa mabubu, tunarudi na hukumu. Wenyeji wetu nao wanabaki wakiamini kwamba Mwafrika ni mtu wa kuimba na kucheka.

Najua jibu la viongozi: fedha hakuna. Lakini tiketi ilipatikana. Mimi ningependa aende mmoja badala ya watatu, akae mwaka badala ya miezi mitatu, na kabla ya hapo asome Kijerumani miezi sita hata ikibidi ahamie Dar es Salaam, maana Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao, ipo. Akishindwa mtihani, asiende. Tunafukuzana na Kigiriki na Kiebrania chuoni kwa ajili ya watu waliokufa zamani. Huyu bibi yuko hai.

Mwezi wa pili niliomba niruhusiwe kwenda kwake peke yangu kila Alhamisi. Alinifundisha kwa kitabu cha nyimbo: anaweka kidole chini ya neno, nasoma, anatikisa kichwa, narudia. Sauti za nyimbo nyingi nilizijua tangu utotoni, kwa hiyo maneno yalipata pa kukaa. Wiki mbili kabla ya kuondoka nilimwomba anisimulie tena habari ya kipaimara chake. Alisimulia polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Nusu yake ilinipita. Alipofika pale pa kunyamaza, nilinyamaza naye, na mkono wangu hakuuachia.