Mary Robinson: miaka 20 ya useneta, miezi 16 ya Maziwa Makuu

Machi 2013, Ban Ki-moon alipomteua Mary Robinson kuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa katika Maziwa Makuu, kilichotajwa sana ni kwamba aliwahi kuwa rais wa Ireland. Kwangu, cheo kilichomfinyanga ni cha kabla ya hapo, ambacho watu hukiruka: useneta.

Aliingia Seneti mwaka 1969 akiwa na miaka 25, kwa kura za wahitimu wa Chuo cha Trinity, Dublin, akakaa humo hadi 1989. Seneti ile haina meno. Ina wajumbe 60, na muswada uliopitishwa na bunge la chini inaweza kuuchelewesha siku 90 tu. Mwaka 1971, yeye na wenzake wawili walipeleka muswada wa kuruhusu vidhibiti mimba, ambavyo kuviuza au kuviingiza nchini kulikuwa kosa la jinai tangu 1935. Seneti ilikataa hata kuuchapisha. Wasiusome, wasiujadili, basi. Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, akatoa waraka uliosomwa makanisani, akionya kuwa sheria ya namna hiyo itakuwa laana kwa nchi. Kwa binti wa familia ya Kikatoliki kutoka Ballina, mji mdogo wa magharibi, hayo hayakuwa maneno ya kupita tu.

Yaliyogoma bungeni akayapeleka mahakamani, maana alikuwa wakili. Mwaka 1975, katika kesi aliyoisimamia, Mahakama ya Juu iliifuta sheria iliyowaweka wanawake pembeni ya majopo ya raia wanaoamua kesi. Akaja Johanna Airey, mama wa Cork aliyetaka kutenganishwa kisheria na mumewe lakini hana fedha za wakili. Mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, iliamua kwamba Ireland ilimnyima haki ya kuifikia mahakama. Kesi nyingine iliyokuwa mikononi mwake, ya David Norris, aliyepinga sheria za enzi za Waingereza zilizowaadhibu mashoga, ilianza 1977, ikashindwa Dublin mara mbili, ikashinda Strasbourg 1988. Sheria yenyewe ilibadilishwa 1993, Robinson akiwa tayari Ikulu.

Wanaomkosoa wana hoja, tena si ndogo. Kiti chake kilikuwa cha wasomi. Alipogombea bunge la chini mwaka 1977 na 1981, wananchi wa kawaida walimkataa mara zote mbili. Kubadilisha nchi kupitia majaji ni kuwazunguka wapiga kura, wanasema. Ningekubaliana nao kama bunge lingekuwa limemsikiliza. Lakini muswada ambao haukuruhusiwa hata kuchapwa kwenye karatasi, mpiga kura angeupimaje? Na mwaka 1985 alijitoa chama cha Leba kwa sababu mkataba wa Ireland na Uingereza ulifanywa bila kuwashirikisha Wayunioni, yaani wakazi wa Ireland ya Kaskazini wanaotaka kubaki chini ya Uingereza, watu ambao wengi wao hawakuwa na kura ya kumpa.

Linalonisumbua mimi ni jingine. Oktoba 1992, akitoka Somalia yenye njaa, alikutana na waandishi Nairobi akashindwa kuuficha uchungu wake. Alikuwa rais, na dunia iligeuka kutazama. Lakini Septemba 1997 aliuacha urais wiki chache kabla ya muda wake kwisha, awahi ukamishna wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, Geneva. Baadaye mwenyewe alikiri kujutia haraka ile.

Kwetu akairudia. Makubaliano ya Addis Ababa ya Februari 2013 kuhusu amani ya mashariki mwa Kongo, ambayo yeye aliyaita mfumo wa matumaini, yalihitaji mtu wa kuwaganda marais: nani bado anawapa silaha waasi, nani ametimiza alichosaini. Novemba mwaka huo waasi wa M23 walishindwa, na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilikuwa na mkono wake. Huo ndio ulikuwa wakati wa kazi ya kiseneta, ile ya kugonga mlango uleule mwaka baada ya mwaka. Julai 2014 akahamia kwenye mabadiliko ya tabianchi.

Kumtwisha yeye kurudi kwa M23 Goma mwezi Januari 2025 ni uonevu. Wenye bunduki wanajulikana. Na ni Ban Ki-moon huyohuyo aliyempa kazi ya tabianchi. Ila angeweza kusema bado hajamaliza, kama alivyokataa kuliacha faili la Norris kwa miaka 11. Faili la Maziwa Makuu alikabidhiwa Said Djinnit wa Algeria.