Kifaa cha mgongoni hakitoshi, mchezaji naye aulizwe

Makala yenu imeeleza vizuri klabu za soka za Ulaya zinavyowavalisha wachezaji vizibao vyenye GPS, kifaa cha kufuatilia mwendo kwa satelaiti, mgongoni, ila sikubaliani na pale inaposema kifaa hicho kinatabiri majeraha. Kinapima kazi ya nje tu: kilomita alizokimbia, mara ngapi kavuka kasi ya kilomita 25 kwa saa, kasimama ghafla mara ngapi. Wachezaji wawili wakikimbia kilomita 10 kila mmoja, huyu kalala vizuri na yule kashuka kwenye ndege usiku wa manane, kwenye kompyuta wanafanana kabisa!

Ndiyo maana makocha wa viungo walio makini bado wanamuuliza mchezaji mazoezi yalikuwa mazito kiasi gani, 0 hadi 10, kisha wanazidisha kwa dakika za mazoezi kupata alama ya uzito wa kazi. Dakika 90 kwa uzito wa 7 ni 630. Njia hii ya mtafiti wa sayansi ya michezo Carl Foster haina gharama, hata klabu isiyo na pesa ya vizibao inaweza kuanza kesho, mradi mchezaji asiogope kusema amechoka.

Na hizo data ni za mwili wake. Naomba sana zisije kutumika kumshushia mshahara kwenye mkataba mpya.