Bei ya sakafu ya mbao ihesabu na mapafu ya fundi

Ukimuuliza fundi wa sakafu za mbao anaogopa nini kazini, mara nyingi atakuonyesha msumeno. Ana haki ya kuuogopa. Ila msumeno ukikukata unajua saa ileile, damu inatoka na watu wanakukimbiza hospitali. Vinavyowamaliza wengi katika kazi hii ni vitu vya kimyakimya: vumbi, magoti, mvuke wa vanishi, matambara yaliyolowa mafuta. Nami nashikilia kwamba vitu hivyo haviondoki kwa kuwakumbusha vijana wavae barakoa. Vinaamuliwa mapema, siku ile mwenye nyumba na fundi wanapokubaliana bei na muda. Kazi ya siku nne ikibanwa kwenye siku mbili, itafanywa bila kinga, hata fundi awe mwangalifu namna gani.

Nianze na vumbi, maana ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Mwaka 1995 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao katika kundi lake la 1, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Hasa ni saratani ya ndani ya pua na ya vyumba vya hewa vilivyo kando yake, na ushahidi mzito zaidi unahusu mbao ngumu, mwaloni ukiwemo. Mbao ngumu ndizo tunazozipiga msasa kila siku. Lile vumbi unaloliona limetua dirishani si la kutisha sana. La kutisha ni lile laini lisiloonekana, linalobaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, wakati kila mtu ameshavua barakoa na anakunywa chai palepale.

Kila mti pia una ukali wake. Mvule, mninga na msaji vinajulikana kuwasha ngozi, macho na pua, na kwa baadhi ya watu huleta pumu. Mzio huu una ujanja wake: fundi anaweza kufanya kazi na mti fulani miaka mingi bila tatizo, kisha mwili ukageuka, na tangu hapo chembe kidogo tu zinatosha kumkaba kifua. Mtu wa namna hiyo hana dawa ya kudumu zaidi ya kuuacha mti huo, na pengine kuiacha kazi yenyewe. Gundi na vanishi za poliyurethani zenye kemikali iitwayo isosayaneti nazo hufanya hivyohivyo.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Inatakiwa barakoa ya daraja la FFP2 au N95, na mimi ningesema FFP3, ikae imebana usoni bila ndevu kuipa mwanya. Hata hivyo barakoa ni kinga ya mwisho. Ya kwanza ni kulidaka vumbi linapozaliwa, kwa mashine yenye kifyonza vumbi na chujio la maana. Kufagia pakavu, au kupuliza chumba kwa mpira wa kompresa ili “kusafisha haraka”, ni kulirudisha vumbi lote mapafuni. Kifyonza kizuri ni ghali, najua. Ndiyo maana nasema kiingie kwenye bei.

Kabla ya mbao mpya kuna sakafu ya zamani ya kung’oa, na hapo ndipo pana mitego ambayo mteja hata haijui. Vigae vya zamani vya vinaili, pamoja na ile gundi nyeusi chini yake, vinaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu. Visivunjwe wala kupigwa msasa hadi kipande kipimwe maabara. Kusaga zege ili lilingane kunatoa vumbi la silika, ambalo IARC iliweka katika kundi hilohilo la 1 mwaka 1997. Rangi kuukuu ya sakafuni inaweza kuwa na madini ya risasi. Tena kabla ya kupiga msumari wowote, ulizia nyaya za umeme na mabomba yanapita wapi. Umeme ukatwe kwanza kwenye chumba ambacho hamna uhakika nacho.

Sasa turudi kwenye msumeno. Parkei, yaani sakafu ya vipande vidogo vya mbao vinavyopangwa kwa mchoro, ina hatari yake ambayo sakafu ya mbao ndefu haina kwa kiasi hicho: vipande vidogo. Ukifika ukingoni mwa chumba, mchoro unadai pembetatu ndogo, kipande chembamba, kona iliyokatwa nyuzi 45. Mbao ndefu unaishika mbali na meno. Kipande kifupi kinaivuta mikono yako karibu na diski, na kikikaa kombo kidogo, meno ya nyuma yanakinyanyua na kukirusha kuelekea kwako, huku vidole vikifuata mahali kilipokuwa. Kipande kidogo kishikwe kwa kibanio au kisukumwe kwa kijiti, kamwe kisisukumwe kwa kidole. Ule ubapa wa chuma unaosimama nyuma ya diski usiondolewe, kwani kazi yake ni kuuzuia mkato usijifunge na kubana diski. Glavu nazo zivuliwe mbele ya diski inayozunguka, maana meno yakinasa uzi yanavuta mkono mzima. Njia bora kuliko zote ni kukata vipande vingi vya ukingo kutoka kwenye ubao mrefu, ukiwa bado mrefu, kuliko kuhangaika na kipande kimoja kimoja. Inahitaji kupima na kuchora siku moja kabla. Muda tena.

Bunduki ya misumari ikikwama, chomoa kwanza mpira wa hewa, ndipo uiguse. Haijalishi una haraka kiasi gani.

Moto unastahili nafasi yake, kwa sababu wengi hawaamini ukiwaambia kwamba tambara linaweza kuwaka lenyewe. Mafuta ya kitani, tunayopaka kwenye mbao, hayakauki kama maji yanavyokauka. Yanaungana na oksijeni, na muungano huo unatoa joto. Tambara lililotandazwa linalipoteza joto hilo hewani. Tambara lililosokotwa na kutupwa kwenye ndoo pamoja na mengine linalifungia ndani, joto linapanda saa baada ya saa, hadi moto. Tarehe 23 Februari 1991 jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, lenye ghorofa 38, liliungua kwa zaidi ya saa 18. Moto ulianzia ghorofa ya 22, kwenye matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakizifufua mbao za ukutani. Wazima moto watatu walikufa. Tandaza matambara nje moja moja hadi yakauke kabisa, au yazamishe kwenye maji ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko.

Mfuko wa vumbi wa mashine ya msasa nao ni hivyohivyo. Mashine ikigonga kichwa cha msumari, cheche inafyonzwa moja kwa moja hadi mfukoni na inaweza kufuka humo taratibu wakati nyinyi mmeshafunga mlango mkaenda kulala. Misumari izamishwe kwanza, na mfuko umwagwe nje kila mnapoacha kazi. Vanishi zenye tina, kile kiyeyushi kinachoshika moto upesi, ndizo zinazotaka adabu kubwa zaidi: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi chumba cha pili na kukuta jiko, au ule mwali mdogo wa hita ya gesi. Katika jimbo la Massachusetts mafundi wa sakafu walikufa kwenye mioto ya namna hiyo mwaka 2004 na 2005, na baadaye jimbo likaipiga marufuku aina ya laka (vanishi ya kukauka haraka) iliyohusika. Palipo na vanishi ya maji inayofaa kwa kazi, sioni sababu ya kung’ang’ania ile ya tina. Ikilazimu kuitumia, ile barakoa ya vumbi haizuii mvuke, panahitajika yenye kichujio cha kemikali.

Masikio nitayapitia haraka. Sauti ya desibeli 85 inakubalika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinaukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo msumeno unazifikia bila shida, unabakiwa na dakika 15. Vaa vikinga masikio.

Magoti siwezi kuyapitia haraka. Mzee aliyenifundisha kupanga parkei alikuwa na mkono mtulivu kuliko wa fundi yeyote niliyemwona, lakini mwishoni alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Mbele ya goti kuna kifuko cha majimaji. Ukikigandamiza kwenye zege kutwa nzima kinavimba na kuuma, na miaka ikienda gegedu la ndani nalo linalika. Pedi nzuri zinasaidia sana mbele ya goti. Haziondoi mzigo wa kukunja goti lenyewe, kwa hiyo kazi inatakiwa izunguke: mmoja anakata akiwa amesimama, mwingine anapaka gundi na kupanga, kisha mnabadilishana. Fundi mmoja aliyepewa chumba kizima peke yake hana wa kubadilishana naye.

Kwa hiyo, mwenye nyumba, ukiletewa makadirio mawili, usiangalie tu jumla ya chini. Tafuta kifyonza vumbi kimeandikwa wapi, barakoa za kubadilisha, msaidizi, siku za kukausha ambazo wewe na watoto mtalala kwingine na gesi itakuwa imefungwa. Na wewe fundi mwenzangu, viandike vyote, kila kimoja kwa bei yake. Mteja akitaka punguzo, mpunguzie mapambo ya ukingoni, au aina ya mbao.